Yatupasayo Kujua Juu ya Kupimwa kwa Haja za Mzee Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo imepigwa chapa hapa kwa maombi ya wanachama.)



Kamati imetuagiza tueleze jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za wanachama wetu, nalo bado halijafahamika vema. Mzee akiisha kudhoofika kwa umri, au akirudi kutoka hospitali baada ya kupooza upande mmoja au kuvunjika nyonga, huenda akaja mtu nyumbani kwake kuangalia ni msaada gani autakao, ili aendelee kuishi hapo hapo penye watu wake. Siku hizi kazi hiyo huitwa tathmini ya huduma ya nyumbani. Sisi tutaiita kupima haja, kwa kuwa ndiyo maana yake.

Katika mwaka huu maswali mengi yamefika ofisini petu juu ya jambo hili. Wako waliouliza kama mgeni huyo huja kutafuta makosa ya watoto. Wako walioogopa kwamba mzee wao atachukuliwa na kupelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee. Wengine wameona haya tu, kwamba mtu wa nje ataingia mpaka chumba cha kulala na kuuliza habari za choo. Kwa hofu hizo baadhi ya watu wamefunga mlango. Wengine wamefungua mlango, lakini wametandika mashuka mapya, wakamvika mzee kanzu ya sikukuu, wakajibu kwamba hakuna taabu yo yote.

Neno letu la leo ni moja, nalo ni hili: mgeni huyu hawezi kupima kitu asichoonyeshwa. Nyumba itakayomwonyesha siku ya sherehe itapata msaada wa siku ya sherehe, yaani haitapata kitu. Nyumba itakayomwonyesha siku ya kawaida, pamoja na taabu zake, ndiyo itakayofaidika. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mficha uchi hazai, na twaona kwamba methali hiyo yafaa sana katika shauri hili.

Kwanza tuseme mgeni huyo ni nani. Aweza kuwa mwuguzi aliyetumwa na hospitali au na hospisi, kwa maana hospisi hazingoji wagonjwa waje kwao tu. Hospisi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1990, ni mojawapo ya zile zinazowafuata wagonjwa majumbani. Aweza kuwa mtaalamu wa kunyosha viungo, ambaye huangalia jinsi mzee anavyosimama na kutembea. Aweza kuwa ofisa wa ustawi wa jamii, ambaye huangalia zaidi habari ya mapato na ya ndugu. Aweza pia kuwa mtu wa kampuni ya uuguzi wa nyumbani, ambayo hufanya kazi kwa malipo.

Kisha yuko mhudumu wa afya ya jamii, ambaye ni jirani yetu kijijini. Mnamo Septemba 2023 Serikali ilianza kuwapa wahudumu wa namna hiyo, wapatao 100,000 katika nchi nzima, mikoba yenye vyombo vya kupimia shinikizo la damu, sukari, joto la mwili na uzito. Mhudumu huyo si mwuguzi, wala hawezi kupima kila kitu, lakini mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kwamba mzee amepungua, na ndiye ajuaye njia ya kupeleka habari katika zahanati. Basi familia isiyojua pa kuanzia na ianze kwake.

Katika nchi yetu mzee hapimwi kwa kulazimishwa. Ama hospitali huagiza, ama familia huomba, naye mzee hukubali. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji na msaada ufaao kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Angalieni kwamba jamaa wametajwa pamoja na Serikali. Kupima haja ndipo mahali ambapo wote wawili huanza kujua wajibu wao ni upi. Lakini kwa kuwa heshima ya mzee imetajwa pia, haifai kumletea mgeni wa ghafula. Mzee na aambiwe siku mbili tatu kabla, aelezwe nani anakuja na kwa sababu gani, akubali mwenyewe kwa kinywa chake. Akikataa leo, na aulizwe tena baadaye kwa upole.

Sasa twende katika matayarisho. Hayahitaji fedha, ila yahitaji uangalifu.

Vikusanywe vyeti vyote vya hospitali, hata vya zamani, pamoja na kitambulisho cha mzee na namba yake ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile iliyoanza kazi badala ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Dawa zote ziwekwe katika kikapu kimoja: za hospitali, za dukani, na za miti shamba pia. Msizifiche za miti shamba kwa kuogopa kulaumiwa. Dawa mbili njema peke yake huweza kudhuru zikikutana tumboni, naye mwuguzi hawezi kulitambua jambo hilo ikiwa ameonyeshwa moja tu.

Kadhalika yafaa mtu mmoja aandike katika karatasi mambo ya mwezi uliopita: mzee ameanguka mara ngapi, na mahali gani, ameamka usiku mara ngapi, chakula gani amekiacha, siku gani alipotea njia au aliwasahau watu. Mtu akiulizwa ghafula husahau, lakini karatasi haisahau. Tena achaguliwe mtu wa kufasiri ikiwa mgeni hajui lugha ya nyumbani, na mtu huyo asiwe mtoto mdogo, kwa sababu yako maneno ya mwili ambayo mzee hataweza kuyatamka mbele ya mjukuu.

Nyumba yenyewe isibadilishwe. Ifagiliwe kama ifagiliwavyo kila siku, basi. Kama mzee hulala juu ya godoro lililo chini, na lionekane pale chini. Kama hushika ukuta akienda uani, na aonekane akiushika.

Mgeni akifika, huenda kazi yake ikachukua saa moja au mbili. Mtu aliyefundishwa vizuri hataanza na vyombo. Ataketi, atasalimu, atauliza habari za watoto na za shamba. Msidhani kwamba anapoteza wakati. Katika mazungumzo hayo amekwisha kusikia kama mzee anasikia vema, kama anakumbuka, na kama ana furaha au ana huzuni.

Baadaye atauliza mambo ambayo kwa kawaida hatuyazungumzi barazani. Yafaa tuyajue mapema, ili yasitushtue. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Marekani, jina lake Sidney Katz, pamoja na wenzake, walitoa orodha ya mambo sita ambayo kwayo hujulikana kama mtu aweza kujitegemea. Mambo yenyewe ni haya: kuoga, kuvaa nguo, kwenda chooni, kuondoka kitandani na kuketi kitini, kuweza kuzuia haja kubwa na ndogo, na kula kwa mkono wake mwenyewe. Mpaka leo orodha hiyo yatumika katika nchi nyingi. Kwa kila jambo mgeni ataka kujua kama mzee hulifanya peke yake, au kwa kusaidiwa, au hawezi kabisa.

Mwaka 1969 Lawton na Brody, nao wa Marekani, waliongeza orodha nyingine ya mambo ya kuendesha nyumba: kutumia simu, kwenda sokoni, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kushika dawa zake kwa saa zake, na kutunza fedha. Mambo haya ya pili ndiyo huharibika kwanza. Mzee aweza kuoga na kuvaa vizuri sana, huku anameza dawa ya asubuhi mara mbili, au anamtumia fedha mtu asiyemjua. Mtoto aliye mbali humsikia baba yake katika simu akisema kwa sauti nzuri, akatulia moyo. Lakini sauti katika simu haionyeshi vidonge vilivyobaki katika chupa.

Yako pia majaribio machache ya mwili na ya akili. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kitabu cha maongozi mwaka 2019, nacho chawataka watumishi wa afya waangalie mambo sita kwa mtu mzima wa umri: akili, mwendo, chakula, macho, masikio na moyo, yaani furaha au huzuni. Basi mgeni huenda akamtajia mzee maneno matatu na kumwuliza tena baada ya kitambo kidogo. Huenda akamwuliza leo ni siku gani, na hapa walipo ni wapi. Huenda akamwomba asimame kutoka kitini mara tano bila kutumia mikono, akihesabu kama zitapita sekunde 14. Huenda akauliza kama uzito umepungua zaidi ya kilo 3 kwa miezi mitatu bila kukusudia. Jaribio jingine, lililotolewa mwaka 1991, ni kumwambia mzee ainuke kitini, aende mbele hatua za kawaida kwa mita 3, ageuke, arudi na kuketi, naye mgeni ashike saa. Mtu anayechukua sekunde 12 au zaidi huhesabiwa kuwa yumo katika hatari ya kuanguka.

Twawasihi wazee wetu wasiyaone majaribio haya kuwa mitihani ya shule. Hakuna anayefaulu wala anayeshindwa. Na ninyi vijana msimnong'oneze mzee majibu. Mkimnong'oneza neno la tatu alilosahau, mtakuwa mmemnyima tiba ya kusahau huko. Pengine sababu yake ni maradhi yanayotibika, au huzuni, au dawa isiyomfaa.

Baada ya mwili, mgeni ataangalia ngozi, hasa mgongo, nyonga na visigino vya mtu alalaye muda mwingi, kwa sababu hapo ndipo vidonda vya kulala hutokea. Ataangalia miguu na kucha. Kisha ataomba kuona nyumba: kitanda kina kimo gani, mlango una kizingiti, choo kiko umbali gani, usiku kuna taa, maji huchotwa wapi, jikoni kuna moshi kiasi gani. Kama ni choo cha shimo, atauliza mzee huchutamaje na huinukaje.

Na hapa tungependa kutoa mfano mmoja, bila ya kutaja jina wala kijiji. Mzee mmoja aliulizwa kama aweza kwenda chooni peke yake usiku. Akajibu kwa sauti kubwa kwamba aweza. Mkaza mwana wake alikuwa amesimama mlangoni, na mzee wa heshima atasemaje mbele ya mkaza mwana? Mwuguzi akaandika kama alivyoambiwa. Kumbe mzee yule kwa miezi minne alikuwa haonji maji tangu alasiri, ili asiamke usiku na kupita uani gizani. Kwa kukosa maji alipata kizunguzungu, naye akaanguka mchana, mahali ambapo hapakuwa na hatari yo yote. Safari ya pili mwuguzi aliketi naye peke yake chini ya mti, na hapo ndipo aliposema kweli. Dawa yake ilikuwa nini? Kiti cha mbao chenye tundu na ndoo chini yake, kilichotengenezwa na seremala wa hapo sokoni. Taa ndogo ya jua. Na mti mmoja uliopigiliwa ukutani wa kushikia. Mambo hayo matatu hayakuzidi uwezo wa nyumba ile. Neno moja la kweli lilikosekana, na kwa ajili yake mzee aliumia.

Kwa sababu hiyo, mgeni akiomba kukaa na mzee faraghani kwa muda kidogo, msichukizwe. Hamtuhumu mtu. Wako wazee wanaoona haya, na kwa bahati mbaya wako pia wazee wanaonyimwa chakula, wanaotukanwa, au wanaolazimishwa kutoa shamba, na hawawezi kusema mbele ya yule anayewatenda hivyo. Nyumba safi haina sababu ya kuogopa faragha hiyo.

Vile vile mgeni ataomba kusema na yule anayemtunza mzee kila siku. Mara nyingi si yule mtoto anayetuma fedha kutoka mjini. Ni mkaza mwana, au binti aliyerudi nyumbani, au mjukuu aliyeacha shule. Ataulizwa: Unalala saa ngapi? Mgongo wakuuma ukimwinua? Nani hukupokea ukitaka kwenda sokoni au kanisani au msikitini? Mabwana, tusiwazuie wanawake hawa kujibu. Tusiseme kwa niaba yao kwamba wao hawachoki. Mtunzaji akianguka, wagonjwa watakuwa wawili katika nyumba moja. Na akisema kwamba amechoka, hajamtukana mzee wala hajamwaibisha mumewe. Ametoa habari iliyo ya lazima kuliko kipimo cha damu.

Kazi ikiisha, msimwache mgeni aende hivi hivi. Mwulizeni ameandika nini, naye awasomee. Ombeni nakala, ama mwandike wenyewe katika daftari mambo manne: haja zilizoonekana, nani atafanya nini, lini, na mgeni atarudi siku gani. Habari za ugonjwa wa mtu ni siri yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazilinda, basi mnayo haki ya kuuliza karatasi hizo zitawekwa wapi na nani atazisoma. Ikiwa mgeni ametoka katika kampuni ya malipo, bei yote ielezwe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza: kwa siku ni kiasi gani, usiku ni kiasi gani, na mfanya kazi akikosa kufika itakuwaje.

Hatuna budi pia kusema wazi mambo ambayo kupimwa huku hakutaleta, ili watu wasitumaini bure. Serikali haina watunzaji inaowalipa mshahara waje kukaa na kila mzee nyumbani kwake. Mpango wa Inua Jamii hutoa Sh. 2,000 kwa mwezi kwa wazee walioandikishwa, waliotimiza miaka 70. Na mwenye umri huo ambaye hajaandikishwa yampasa aulize kwa chifu au kwa ofisi ya ustawi wa jamii. Fedha hizo ni msaada, walakini hazimlipi mtunzaji wa kutwa kucha. Sehemu kubwa ya kazi itabaki mikononi mwa jamaa. Faida ya kupimwa ni kwamba jamaa watajua kazi hiyo ni ipi hasa, waache kugombana gizani. Ndugu watano wakisomewa karatasi moja, iliyoandikwa na mtu asiye wa upande wo wote, kwamba mama ahitaji mtu wa kumwogesha kila siku, dawa za mwezi, na godoro zuri, ni vigumu kwa mmoja kusema kwamba hakujua.

Wala kupima mara moja hakutoshi. Iombwe tena mzee anapoanguka, anapotoka hospitali, anapofiwa na mwenzake, au mtunzaji wake anapoondoka. Haja za mtu mzima hubadilika upesi, na karatasi ya mwaka jana haiwezi kuuongoza mwaka huu.

Tena kuna onyo. Penye jambo jema wadanganyifu huja pia. Mgeni wa kweli ataonyesha kitambulisho cha kazi, na mwaweza kupiga simu katika ofisi iliyomtuma. Hatataka hati ya shamba. Hatataka namba ya siri ya M-Pesa. Hatamwekea mzee kidole gumba juu ya karatasi ambayo haijasomwa mbele ya watu wawili. Akitaka lo lote katika haya, mazungumzo na yaishe papo hapo, na habari ipelekwe kwa chifu na kwa katibu wa tawi.

Bwana Mwenyekiti, kabla ya kumaliza twaleta mbele ya Mkutano maombi matatu, ili yafikiriwe na matawi yote.

La kwanza, kila tawi liwe na daftari ya wazee wake wenye taabu, ifanywe kwa ruhusa yao, pamoja na namba ya simu ya mhudumu wa afya ya jamii wa kila kijiji. Kazi hiyo haina gharama, nasi wa ofisini tu tayari kuwasaidia makarani wa matawi.

La pili, mwanachama anayefanya kazi Nairobi, Mombasa, Nakuru au penginepo, mzazi wake akipimwa nyumbani, ajitahidi awepo siku hiyo. Asipoweza, asikilize kwa simu, na karatasi asomewe siku ile ile. Fedha tunazotuma nyumbani ni njema, lakini anayetuma bila kujua haja ni kama mtu amwagiliaye shamba usiku: maji hutoka, lakini hajui yameangukia wapi.

La tatu, twawaomba ninyi Wazee wenyewe, kwa unyenyekevu mkubwa. Watoto wenu na wajukuu wenu hufuata mfano wenu. Mkionyesha kwamba si aibu kusema “hapa siwezi tena, nishikeni mkono,” hata wale walio majumbani pao kimya watapata ujasiri wa kusema. Mlituchukua mgongoni tulipokuwa hatuwezi kutembea, wala hamkutuona kuwa tumevunja heshima yetu kwa kubebwa. Sasa zamu imegeuka, nasi twataka kujua mzigo una uzito gani ili tuubebe sawasawa.

Wanachama wenye maswali wayalete kwa maandishi kwa makatibu wa matawi, nasi tutayajibu moja moja kwa kadiri ya uwezo wetu.